Jeki halina mama

Jeki liliteleza kwenye mchanga, gari likakaa chini, na vidole viwili vya fundi vikabaki kati ya tairi na madigadi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, uwanjani kwa kanisa letu. Kwaya inasubiri kupelekwa usharika wa jirani, sare zimeshapigwa pasi, spika zimeshafungwa juu ya keria, ndipo Hiace ya kukodi ikaonekana ina pancha nyuma. Fundi mwenyewe ni mwanakwaya. Anaimba besi, na siku sita za wiki anashinda gereji. Alivua shati la sare, akalitundika kwenye tawi la mwarobaini, akaingia kazini. Alipokuwa anavuta tairi, jeki likaenda.

Akatoa lile tusi. Lile la mama. Sitaliandika hapa, na wewe huhitaji niliandike.

Sauti ya besi iliyozoezwa miaka mingi inafika mbali. Ilifika hadi ofisini, ambako wazee wa kanisa walikuwa wanahesabu sadaka ya mavuno. Sisi tuliinua gari kwa mikono tukamtoa vidole. Dirisha la ofisi lilifunguliwa, vichwa vitatu vikachungulia, likafungwa.

Haikupita wiki, baraza la wazee likamsimamisha kuimba kwa miezi mitatu. Akahamia benchi la nyuma kabisa, bandeji mkononi, na kwaya ikianza pambio unaona midomo yake inacheza bila kutoa sauti, kana kwamba hata kule nyuma hana ruhusa.

Hilo peke yake lingenipita. Kilichoninyima usingizi ni kitu kingine kilichotokea siku ileile, chini ya mwarobaini uleule, kabla hata pancha haijaonekana.

Binti anayetusaidia kugawa chai alimmwagia kidogo mzee mmoja kwenye mkono wa koti. Matone tu. Mama yake binti ndiye anayefagia kanisa; baba aliondoka siku nyingi, na kila mtu pale anajua. Mzee alijifuta taratibu kwa leso, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili safi ambacho mwalimu yeyote angekipa vema: "Wewe binti, kwenu hata meza hamna, utajulia wapi kuhudumia watu? Ndiyo maana mmeachwa."

Wawili watatu walicheka. Binti aliendelea kumimina. Kikombe kilichofuata kilikuwa changu, na birika lilikuwa linagonga ukingo wa kikombe, ti-ti-ti-ti, kwa jinsi mkono ulivyokuwa unatetemeka.

Hilo halikufika barazani.

Kinywa kilekile

Nilimfuata mmoja wa wazee, mtu ninayemheshimu, nikamwamkia, nikamuuliza kwa upole kwa nini miezi mitatu. Hakukasirika. "Mwanangu," akaniambia, "kinywa kinachomwimbia Mungu Jumapili ndicho kinatoa uchafu ule uwanjani pa kanisa? Yakobo amesemaje?"

Yakobo amesema, tena wazi: "Katika kinywa kile kile hutoka baraka na laana. Ndugu zangu, haifai mambo hayo kuwa hivyo." Ongeza Waefeso 4:29 na Wakolosai 3:8, ambazo kila aliyepita darasa la kipaimara anazo kichwani, na unaona baraza halikukosa aya.

Nilirudi nyumbani nikafungua Yakobo sura ya 3. Mstari unaotangulia ule wa mzee ndio uliniweka macho. Unasema kwa ulimi huo "twawalaani wanadamu waliofanywa kwa mfano wa Mungu." Kinachomkera Yakobo ni mtu anayepigwa na lile neno, mtu mwenye sura ya Mungu usoni. Hata ule wa Waefeso unaishia kwa wanaosikia: neno liwape neema. Kote huko kuna mtu upande wa pili.

Na upande wa pili wa tusi la fundi kulikuwa na nini? Jeki. Tena jeki la kuazima.

Basi nikajijengea utetezi, na niliupenda. Jeki halina mama. Jeki halikuumbwa kwa mfano wa Mungu. Hata Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 89, inapoizungumzia lugha ya matusi inataka awepo mtu aliyetukanwa, na itolewe kwa namna inayoweza kuvuruga amani. Polisi wa zamu hapokei malalamiko ya jeki.

Nikaenda mbele zaidi. Biblia yetu ya Union Version yenyewe haina aibu tunayoidhania. Wafilipi 3:8, Paulo anahesabu mambo yote "kuwa kama mavi ili nipate Kristo." Limechapwa hivyo. Siku somo hilo linapoangukia Jumapili, tazama anayesoma mimbarini: akikaribia neno lenyewe anaongeza mwendo, analipita kama daladala inavyopita kituo chenye trafiki, na watoto wa mbele wanabanana mbavu. Kwa Wagalatia Paulo anawatakia waliokuwa wanashikilia tohara wajikate kabisa. Ezekieli 23:20 sitainukuu. Kaisome watoto wakishalala.

Kwa hiyo, nikasema moyoni, neno chafu lenyewe haliwezi kuwa ndiyo dhambi, la sivyo tuwasimamishe Paulo na Ezekieli miezi mitatu.

Jikoni

Utetezi huu niliupeleka jikoni.

Ilikuwa siku ya mnada wa mavuno, akina mama wanamenya ndizi nyuma ya kanisa, nami nimetumwa kupeleka mkaa. Nikaweka gunia chini, nikamwaga hoja yangu mbele ya mama mmoja ambaye ndiye msemaji wa jiko lile. Nilitegemea wacheke. Wachache walicheka kweli.

Yeye hakuacha kumenya. "Jeki halina mama, baba. Sawa. Sasa huyo mama aliyetukanwa ni wa nani?"

Sikuwa na jibu.

"Mimi siku ile nilisimama pale na beseni la vikombe. Mnaumia vidole, mnatukana tulikowazalia. Gari likizima, sisi. Simba ikifungwa, sisi. Chenji ikipungua mia mbili kwenye daladala, sisi. Baba zenu hawana miili?"

Akatupa ndizi kwenye maji, akachukua nyingine. Mwenzake pembeni akasema tu, "Mwambie."

Nimekaa na maneno yale wiki kadhaa sasa, na kila nikiyageuza yanazidi kuwa na uzito. Hesabu mwenyewe matusi ya nguoni unayoyajua, yale mazito, ya kumfanya mtu avue saa tayari kwa ngumi. Mama. Mama. Mama. Pengine dada. Baba akitajwa ni kwa bahati mbaya. Konda na bodaboda wanagombania njia pale Ubungo, wote wawili ni wanaume na wote wawili wana makosa, na anayeishia kuvuliwa nguo hadharani ni mwanamke fulani aliyeko kijijini anapepeta maharage, hajui lolote.

Mijadala mingi ya Wakristo kuhusu jambo hili ukiifuatilia utaikuta imetokea Marekani. Kule mtu akijigonga kidole anataja kinyesi, au kitendo cha chumbani, au anaiambia nyundo iende motoni. Halafu wanabishana kama sauti hiyo ni dhambi au ni ukosefu wa adabu tu. Mjadala wao una mantiki yake, kwa sababu mara nyingi neno lao halina mtu ndani yake. La kwetu lina mtu. Ukilipigia jeki kelele, bado mtu yumo.

Nusu ya utetezi wangu ilikufa pale jikoni.

"Lilitoka tu"

Nilimweleza fundi alichosema yule mama. Tulikuwa gerejini kwake, anafunga breki pedi kwa mkono mmoja na nusu. Alinyamaza kidogo.

"Kaka, sikumfikiria mtu yeyote. Lilitoka tu."

Namwamini. Kisha akaniambia jinsi lilivyoingia. Alianza gereji akiwa mtoto wa kama miaka kumi na minne, na fundi mkuu wake alikuwa na namna moja tu ya kufundisha. Ukileta spana namba kumi na nne badala ya kumi na tatu, unatukanwa. Ukidondosha nati ndani ya injini, unatukanwa wewe, mama yako, na bibi yako. "Ndiyo shule yenyewe ile. Mpaka unajua spana zote kwa kuzishika tu, matusi nayo yameshakaa."

Hapa ndipo naona shida ya kweli, na sijaona mahubiri yanayoigusa. Luka 6:45 inasema kinywa hunena yale yaujazayo moyo. Wazee waliisoma hivyo: kama lilitoka, basi lilikuwemo moyoni. Lakini mimi nimeshuhudia moyo wa kijana huyu. Ndiye aliyelala hospitali na mzee wa jirani asiye na mtoto. Lile neno liliwekwa kwenye ulimi wake na mtu mwingine, kwa kipigo, kabla hajaota ndevu. Je, hilo ni tunda la moyo wake au kovu?

Naelekea kusema ni kovu. Ila kovu hili linaumiza wengine kila likionekana, na anayelibeba ni mtu mzima sasa; kulitunza ni kazi yake. Naye ana vijana wawili anaowafundisha kazi gerejini. Nilikaa pale hadi jioni, na nilisikia wanavyofundishwa. Hakuwatukana. Alikuwa anawaambia "mjinga wewe," anacheka, anawaonyesha tena. Kwa mtu aliyetoka shule ile, hiyo ni safari ndefu, na hakuna baraza lililoiandika kwenye mihutasari.

Nilimuuliza kama kuna mtu alimtuma aende kumwomba radhi yule mama mwenye beseni. Hakuna. Barua ya baraza ilisema amechafua mazingira ya ibada. Mazingira! Adhabu ikawa kumnyima kuimba, wakati kuimba ndicho kitu pekee siku ile alichokuwa hajakosea. Alikwenda mwenyewe baadaye, na kilo mbili za sukari. Waliyozungumza hawakuniambia, nami sikuuliza.

Ninamkumbuka Petro. Mathayo 26:74 inasema wazi kwamba pale uani alianza "kulaani na kuapa." Mvuvi yule, na hofu ile, mimi nadhani hakuchagua maneno. Halafu soma Yohana 21, kule ufukweni, samaki wako juu ya makaa. Yesu anamuuliza swali moja mara tatu, na wala si kuhusu matusi. Anamuuliza kama anampenda. Kisha anampa kazi.

Anampa kazi. Hampeleki benchi la nyuma.

Daktari Luther barazani

Sisi ni Walutheri, kwa hiyo kuna jambo la kifamilia tulikabili.

Martin Luther, ambaye Katekisimu Ndogo yake ya 1529 tumeikariri hadi mkono wa mwalimu ukachoka, alikuwa na mdomo ambao usharika wangu usingeuvumilia wiki moja. Kinyesi, haja, matako: alivitumia dhidi ya Papa, dhidi ya Shetani, dhidi ya wanateolojia wenzake. Mwaka 1545, mwaka mmoja kabla ya kufa, zilitoka picha za mbao kutoka karakana ya rafiki yake Lucas Cranach za kumkejeli Papa. Moja inaonyesha wakulima wamempa Papa mgongo, suruali chini, wanamtolea hewa. Kitu cha kuchapwa, cha kuuzwa, cha kuonyeshwa watu wasiojua kusoma.

Vijana wakisikia hili hufurahi sana. Wanaona wamepata kibali.

Subirini kwanza. Miaka miwili kabla ya hapo, 1543, Luther huyohuyo aliandika dhidi ya Wayahudi. Alishauri masinagogi yao yachomwe moto, nyumba zao zibomolewe, vitabu vyao vya sala vichukuliwe. Matusi yamo pia kwenye kitabu hicho, ndiyo. Lakini uyaondoe yote, ukikoshe kitabu neno kwa neno, usafi wa lugha ufike pale mzee wetu anapoutaka: ule ushauri utabaki palepale, umeandikwa vizuri, kwa hoja na namba. Picha ya wakulima inanichekesha. Kitabu cha 1543 kinanitia hofu.

Maneno yaliyonyooshwa pasi

Wakenya wanalijua neno madoadoa. Kwenye uchaguzi wa 2007 lilitumika kuwataja majirani waliotoka kabila lingine, na dawa ya madoadoa ni kuyaondoa. Hakuna tusi hapo. Ni neno la mama anayefua. Mtoto wa chekechea unaweza kumfundisha. Machafuko yaliyofuata yaliua zaidi ya watu 1,100, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto watu wakiwa wamejificha ndani.

Rwanda 1994, redio ya RTLM iliwaita watu mende. Mende! Ungelisikia neno hilo mezani ungetafuta dawa ya kupuliza, usingemzuia mtoto kulisema. Na nchi ile ilikuwa ya Wakristo kwa sehemu kubwa sana. Ntarama na Nyamata, watu waliuawa ndani ya kanisa, mbele ya altare.

Silinganishi sentensi ya mzee mmoja na mauaji ya kimbari. Ninachosema ni kwamba "kwenu hata meza hamna" na "ndiyo maana mmeachwa" zinatoka kwenye duka lilelile: kumwangalia mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu ukamwona pungufu, kisha ukamwambia, huku unatabasamu. Na hapo Yesu hakuacha fumbo. Mathayo 5:22, kwenye Biblia hiihii iliyoko mezani pa baraza: "mtu akimfyolea ndugu yake, itampasa baraza."

Itampasa baraza.

Niliusoma mstari huo nikacheka peke yangu sebuleni. Wa kupelekwa barazani siku ile alikuwepo, tena kwenye viti vya barazani.

Sasa najua nitaambiwa: je, ulimwambia? Nilimwambia. Si hadharani. Nilimwendea kwake jioni, nikaanza mbali kama inavyotakiwa, habari za shamba, habari za mguu, halafu nikafika kwenye chai. Alishangaa kweli, hakuwa anaigiza. "Lakini mimi sikumtukana yule mtoto." Alirudia hivyo zaidi ya mara moja. Na kwa kipimo alichofundishwa, kipimo ambacho sote tulifundishwa, alikuwa anasema kweli. Miaka yote ameulinda mdomo wake kwa bidii, hajawahi kusema hata "shenzi," na mdomo ule uliolindwa ndio uliomchana mtoto wa watu. Nadhani huko kulinda kwenyewe kulimpa uhakika wa kutojichunguza. Binti mpaka leo hajaambiwa samahani. Amehamia kugawa chai upande wa watoto wa Sunday school.

Haki ya Mungu

La haraka, kwa sababu lipo na tunaliruka.

Mkristo asiyetukana kamwe anaweza kumtaja Mungu mara kumi kabla ya saa nne asubuhi ili kuuza fungu la nyanya. "Haki ya Mungu tena, nimenunua kwa bei hiyohiyo." Anayedaiwa: "Mungu anaona, mwisho wa mwezi." Anayetapeli kiwanja: "Kwa jina la Yesu, hati ipo." Kwenye Katekisimu hiyo ni amri ya pili, iko juu kabisa, imetangulia hata kuua, na Luther kwenye maelezo yake anataja waziwazi kuapa na kudanganya kwa jina la Mungu. Kwenye Mathayo 5 Yesu anasema "Usiape kabisa." Kiapo cha mahakamani kanisa letu limekikubali tangu Ungamo la Augsburg la 1530, sawa. Cha sokoni hakuna aliyekikubali. Kimejikubali chenyewe.

Sijawahi kusikia mtu amesimamishwa kwaya kwa "haki ya Mungu." Tungeimba watu wangapi?

Watani

Imebaki moja, na hii ndiyo inayokataa kukaa vizuri kwenye hoja yangu.

Mimi ni Mchaga. Tulikuwa Machame tunamzika baba mkubwa, jeneza limeshafika kihambani, mchungaji ameshavaa, watu kimya. Akatokea Mpare mmoja, Msabato wa kutoka Same, mtani wa familia tangu zamani. Akapenya hadi kwenye jeneza, akatoa sarafu, akaidondosha juu ya kifuniko. Kwa! Akategesha sikio. Akangoja. Kisha akageuka kwa waombolezaji: "Hajainuka. Zikeni, huyu amekufa kweli."

Uwanja mzima ulilipuka. Mjane alicheka mpaka akashikiliwa. Mchungaji aliinamia kitabu chake cha ibada kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sasa ichukue Waefeso 5:4, inayokataza maneno ya upuzi na ubishi, uipime na tendo lile. Alimfanyia marehemu kejeli. Alilitukana kabila zima kwamba pesa ni Mungu wetu. Kwa Mchaga aliyefiwa, mbele ya maiti! Kwa kipimo cha wazee ni dhambi. Kwa kipimo changu pia, kile nilichokijenga kwa Yakobo na Mathayo, inaonekana dhambi: yupo mtu upande wa pili, tena wengi, na tumechekwa.

Ila hakuna hata mmoja aliyepungua. Nimejaribu kuelewa kwa nini, na jibu nililo nalo ni la kazi za mikono. Mpare yule alifika usiku wa kwanza. Alipasua kuni. Aliingia kaburini na jembe, sisi tumekaa kwenye viti. Mtani ana haki ya kunidhihaki kwa sababu ndiye atakayenifukia, nami nina deni hilohilo kwake, na tumelirithi wote wawili bila kusaini popote. Yule mzee wa chai hana deni lolote kwa yule binti. Alisema kutoka juu kwenda chini, na binti hana siku atakayoruhusiwa kujibu.

Huenda hapo ndipo pa kuuliza, kabla hata ya kuuliza neno ni chafu kiasi gani: huyu unayemwambia, anaweza kukurudishia? Mama anayetukanwa kwenye daladala hayupo kujibu. Binti yupo lakini hawezi. Mtani anaweza, na atarudisha na riba.

Najua kipimo hiki kina tundu. Kuna watani wanaovuka mpaka, kuna wenye kusema "natania tu" wakiwa hawana utani wowote na aliyeko mbele yao, na kuna mabwana harusi waliokimbia shughuli. Wengine watakuja kunikosoa kwamba nimemruhusu Mpare kile nilichomkatalia fundi wetu, na kwamba udugu wa ukoo umeniziba macho. Waje. Hoja ya fundi nimeiweka palepale yule mama alipoiweka, na siwezi kuisogeza.

Ya Mpare siiachii. Krismasi nikipanda kwenda Machame nitateremka Same kwanza, nimsalimie, nimrudishie utani wake: nimuulize kama ile kesi ya kuku bado iko mahakamani, na ameshauza ng'ombe wangapi kumlipa wakili.